Salamu za Sikukuu Zisizoishia Jalalani

Kabla hujasoma mbali, fungua droo utoe kadi moja ya zamani, iwe ya Krismasi, ya Idi au ya kumtakia mtu mtihani mwema. Ichane kwenye pembe. Ikichanika kirahisi na kuacha nyuzinyuzi nyeupe, hiyo ni karatasi. Ikivutika kwanza kama mfuko, au ikaachia utando mwembamba juu, umeshika karatasi iliyovikwa plastiki. Sasa pitisha kidole kwenye ile nyota inayometameta. Vumbi linalobaki kidoleni ni vipande vya plastiki vilivyopakwa alumini, na usipoangalia utakuwa unaviokota kwenye mkeka mpaka Pasaka.

Karatasi peke yake haina ugomvi na mtu, maana inaoza. Shida iko kwenye vinavyobandikwa juu yake: utando, vumbi la kumetameta, utepe wa nailoni, na kwenye zile kadi zinazoimba ukizifungua, spika ndogo na betri za kitufe. Mnunuzi wa karatasi chakavu hazitaki kadi za namna hiyo. Nyumba nyingi kwetu hazina pa kupeleka taka zilizochambuliwa, kwa hiyo kadi inaishia kwenye shimo la uani na kuchomwa pamoja na majani yaliyofagiwa, moshi wake ukivutwa na watu wa nyumba hiyo hiyo. Sheria zetu zimekwisha kuigusa mifuko ya plastiki: Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa vumbi la plastiki la kumetameta Oktoba 2023. Kwa upande wa kadi, huku kwetu uamuzi umebaki mikononi mwa mnunuzi.

Kuna jambo jingine la kujua. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843. Aliyeiagiza, Henry Cole, alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya kuchapwa. Zilitoka kama 1,000, kila moja kwa shilingi moja. Yaani kadi ya dukani ilizaliwa ili mtu apumzike kuandika. Kwa hiyo unapotafuta mbadala wake, usihangaike kuiga umbo lake. Rudisha kile ilichokiondoa, maneno yako mwenyewe kwa mtu mmoja unayemjua kwa jina.

Anza na orodha, si na mkasi

Watu wengi huanza kukata karatasi halafu ndipo wanafikiri nani atapewa. Matokeo yake ni kadi 30 na hamu iliyokwisha kwenye ya tano. Fanya hivi:

1. Andika majina yote ya watu unaotaka kuwasalimu.
2. Mbele ya kila jina jibu swali moja: salamu yangu itakuwa wapi Januari? Tumboni, mwilini, shambani, ukutani au jalalani?
3. Majirani na ndugu wa mtaa mmoja, weka alama ya sahani.
4. Walio mbali lakini mnaongea mara kwa mara, weka alama ya simu.
5. Wanaobaki ni wale wanaotunza vitu: shangazi mwenye sanduku la barua za zamani, mwalimu wako wa msingi, rafiki aliyefiwa mwaka huu. Hao ndio wa kadi ya mkono. Wakizidi kumi, rudia hatua ya pili.

Sahani na kawa

Pwani, salamu ya Idi haikuwahi kuhitaji bahasha. Sahani ya visheti au kipande cha mkate wa kumimina inafunikwa kawa, mtoto anatumwa nyumba ya pili, anafika mlangoni na kusema, "Hodi! Mama anasema Idi njema." Ujumbe umefika, na chombo kitarudi. Tena hakirudi kitupu. Ukipokea sahani ya watu, hata limau mbili utaweka.

Kilichoiharibu desturi hii miaka ya karibuni ni vibox vya plastiki na karatasi ya alumini. Sababu yake inaeleweka: watu wamechoka kupoteza vyombo. Dawa yake ni ndogo.

1. Geuza sahani na bakuli zako za kupeleka, uziandike herufi ya jina lako chini kwa rangi ya kucha. Acha ikauke usiku mzima. Haitoki kwa kuoshwa mara moja mbili, na ikififia unarudia.
2. Tumia kawa la ukindu. Kama huna, kitambaa safi cha pamba kinatosha. Kawa zuri linadumu miaka ukilianika baada ya kulowa. Likiachwa na unyevu linafanya ukungu.
3. Chagua kinachovumilia safari. Visheti na biskuti zinakaa siku kadhaa. Kaimati zipelekwe zikiwa moto, maana zikilala zinakuwa mpira.
4. Kama unataka neno la maandishi, kipande cha karatasi kama cha tiketi ya daladala kinatosha. Kichomeke ukingoni mwa kawa, kisigusane na shira.

Njia hii inafaa vile vile kwa pilau ya Krismasi. Na mkono wa Idi wa watoto unaweza kutiwa kwenye bahasha ndogo utakayojifunza kuitengeneza hapa chini, badala ya zile za kung'aa zinazouzwa kwa pakiti.

Kadi kutoka kalenda ya zamani

Hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu malighafi iko ukutani kwako. Kalenda za benki, za kampuni za bima, za parokia na za maduka ya jumla huchapwa kwenye karatasi nzuri nzito, upande mmoja ukiwa mweupe. Mwaka ukiisha zinakuwa za kufungia vitumbua. Tumia ya mwaka jana, au kurasa za miezi iliyopita kama kalenda yako ni ya kufunua.

*Vifaa:* kurasa za kalenda, mkasi, rula, kijiko cha chakula, kalamu, vipande vya kitenge au kanga. Vipande usinunue. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, muombe akuachie kiroba cha mabaki. Kwake ni takataka.

*Gundi:* koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji baridi hadi mabuja yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji. Ipoe kwanza. Inakaa siku moja au mbili, ikianza kunuka mwaga.

1. Jaribu wino. Andika neno moja upande mweupe, ngoja kidogo, pitisha kidole. Ukifutika, karatasi imepakwa dawa ya kung'arisha. Tumia penseli au chagua ukurasa mwingine.
2. Kata kipande cha sm 20 kwa 15.
3. Weka rula katikati, kwenye alama ya sm 10. Geuza kijiko, upitishe ncha ya mpini wake kando ya rula kwa kukandamiza, mara mbili, bila kukata. Huo mfereji ndio siri ya kadi nadhifu. Karatasi nzito ikikunjwa bila mfereji inapasuka mgongoni na kuonyesha nyuzi.
4. Kunja upande wa picha ukiwa nje na mweupe ndani. Chagua sehemu ya picha isiyo na nembo ya benki, isije ikaonekana unamkumbusha mtu mkopo wake. Namba za tarehe si lazima uzikwepe: kata mwezi aliozaliwa unayempelekea, uzungushie tarehe yake. Hakuna duka linalouza kadi hiyo.
5. Bandika kipande cha kitenge mbele ukipenda. Paka gundi kidogo sana kwenye karatasi, si kwenye kitambaa. Ikizidi, inapenya na kuacha doa la unga. Weka chini ya vitabu usiku mzima.
6. Andika. Sentensi tatu zinatosha: jambo moja lililotokea kati yenu mwaka huu, jambo moja unalomshukuru, na dua au heri yako. Usianze na "Nakutakia wewe na familia yako". Hiyo ndiyo ya dukani.

*Bahasha yake:* kata ukurasa mwingine sm 18 kwa upana na sm 26 kwa urefu. Kutoka chini pima sm 10.5 uweke alama, kisha sm 10.5 nyingine uweke alama. Juu zitabaki sm 5 za kifuniko. Kwenye sehemu ya chini na kwenye kifuniko, kata na kuondoa ukanda wa sm 1 kila upande. Sehemu ya katikati iache na masikio yake mawili. Kunja masikio kwa ndani, yapake gundi, pandisha sehemu ya chini juu yake, bonyeza. Kadi ya sm 10 kwa 15 itaingia bila kubanwa. Kama inakwenda posta, bandika kipande cheupe mbele uandike sanduku la posta kwa herufi kubwa. Karani asitafute anwani katikati ya picha ya twiga.

Maganda ya mgomba

Kuanzia Kampala na Kigali hadi Arusha, mafundi hutengeneza kadi kwa maganda makavu ya mgomba, na ukiitazama kwa karibu unaona hakuna rangi iliyopakwa. Ukibandua gamba kavu la nje ni kahawia iliyokolea. La ndani yake linafanana na chai ya maziwa. La ndani zaidi ni la krimu. Rangi zote za paa la nyasi, ukuta wa udongo na mwanamke aliyebeba kuni zimo kwenye shina moja.

Unaweza kuijaribu nyumbani. Chukua magamba yaliyokauka yenyewe shinani, yasiwe mabichi. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yapanue kwa vidole yakiwa bado laini, kisha yakandamizwe chini ya vitabu siku mbili. Chora umbo kwenye karatasi, kata, bandika kwa ile gundi ya unga ikiwa nyepesi, kandamiza tena. Kosa kubwa ni haraka. Gamba lenye unyevu likifungiwa ndani ya bahasha linafanya ukungu, na mpokeaji atafungua harufu.

Karatasi yenye mbegu: ukweli wake

Siku hizi inasifiwa kila mahali: kadi ambayo ukimaliza kuisoma unaifukia, inaota. Ni nzuri, ila nasema wazi kwamba nyingi hazifukiwi. Zinatunzwa kwenye droo kwa sababu ni nzuri, na mbegu zinafia humo. Mpe mtu ambaye ana bustani, au hata ndoo ya udongo kibarazani. Kwa mtu wa ghorofa asiye na baraza, mpelekee sahani.

1. Chana karatasi zilizotumika, zisizong'aa, uziloweke usiku mmoja.
2. Twanga kwenye kinu mpaka ziwe kama uji mzito.
3. Mimina kwenye beseni la maji. Sasa ndipo utie mbegu, kamwe si kabla ya kutwanga. Mchicha unafaa kwa sababu mbegu zake ni ndogo. Mahindi na maboga hapana. Karatasi itakuwa na nundu na mbegu zitadondoka.
4. Chovya fremu ya mbao iliyogongelewa wavu wa dirishani, uinue ikiwa tambarare, maji yachuje.
5. Ipindue juu ya kitambaa, kandamiza kwa sponji, anika penye upepo. Ikauke siku hiyo hiyo. Ikikaa na maji siku mbili tatu, mbegu zinaota kabla ya kutumwa.
6. Usipige pasi. Joto linaua mbegu.

> TAHADHARI: Usitume karatasi yenye mbegu kwa ndugu walio Uingereza, Marekani au nchi za Ulaya. Mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea kuvuka mipaka hiyo, na bahasha yako inaweza kuzuiwa na kuteketezwa.

Kama unataka kitu cha kuota, mche ni salamu iliyo wazi zaidi: mpera, mlimau, mstafeli. Lakini tazama mvua kwanza. Krismasi ya Dodoma, Mbeya au Songea inakuta msimu umeanza na una miezi mbele. Pwani na kaskazini, vuli zinakuwa zinaelekea mwisho, kwa hiyo anayepewa mche ajue atamwagilia mpaka masika. Idi nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Iliyoangukia masika leo, baada ya miaka michache itaangukia kiangazi. Mche uliotolewa kiangazi bila mtu wa kuumwagilia ni kijiti tu.

Kanga

Doti ya kanga ni salamu iliyoandikwa ambayo mtu ataivaa, atajifunika, atabebea mtoto, na mwisho itakuwa tambara la jikoni. Zipo zinazochapwa kabisa na heri za Idi au za Krismasi. Inagharimu zaidi ya kadi, kwa hiyo iwe ya wachache, au ya kugawana: kanga moja kwako, moja kwa dada yako.

Soma jina kabla ya kulipa. Lisome mara mbili, halafu ulisome tena ukijifanya ni mpokeaji. Ukimpelekea mama mkwe doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwa kuwa ulipenda rangi, ujue itasomwa kwa sauti sebuleni, na sikukuu nzima watu watajadili ulimlenga nani.

Salamu za simu

Ile picha ya mshumaa na waridi iliyosambazwa kwenye makundi kumi haichafui mtaa, ni kweli. Ila mpokeaji anaifuta ili apate nafasi kwenye simu, na video zake zinakula bando. Ujumbe wa sauti ni mwepesi zaidi na unabeba sauti yako.

1. Rekodi mahali pasipo na feni wala televisheni.
2. Anza kwa kumwita kwa jina au cheo chake: "Shikamoo bibi, mimi mjukuu wako wa Tabora."
3. Taja jambo moja mnalolijua nyinyi wawili.
4. Malizia na swali linalohitaji jibu. Salamu isiyouliza kitu hujibiwa kwa kidole gumba.
5. Isizidi dakika moja. Mwenye kitochi mpigie, na umpigie mkesha; siku yenyewe mitandao huelemewa.

Ukituma na hela ya soda kwa simu, mjulishe mtu kwa sauti kabla ya kutuma. Msimu huu ndio wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na ukipokea kiungo kinachosema "Fulani amekuandalia salamu ya kipekee, bonyeza uifungue", usibonyeze. Vingi hutafuta namba yako ya siri au vinataka uvisambaze.

Maofisini

Kadi za kampuni zenye sahihi iliyochapwa hazisomwi na mtu. Kama unafanya kazi ofisini, pendekeza kwa katibu muhtasi jambo moja tu: simu za dakika mbili kwa wateja ishirini wakubwa, badala ya kadi mia tano.

Ukilazimika kununua

☐ Ichane kwa jicho: haina utando wala vumbi la kumetameta
☐ Haiimbi
☐ Haijafungwa peke yake kwenye nailoni
☐ Ndani ni nyeupe, una pa kuandika
☐ Imetengenezwa karibu. Kisumu kuna karatasi na kadi za magugu maji ya Ziwa Viktoria. Mwaluganje, Kwale, hutengenezwa karatasi ya kinyesi cha tembo, ambayo kwa taarifa yako hainuki

Makosa yanayojirudia

Kununua vifaa vipya, gundi ya rangi, stika na mikasi ya mawimbi, ili kutengeneza kadi "isiyo na taka". Kuanza wiki moja kabla ya Krismasi wakati barua ya posta inataka kupewa wiki tatu, na nne kwa ng'ambo. Kuandika kwenye kadi mahubiri ya mazingira. Mpokeaji anataka kujua mtoto wako amepona degedege, hakuuliza habari za plastiki.

Kadi ulizonazo tayari

Usizichome. Kata nusu ya mbele, itobolewe na kufungwa uzi, iwe lebo ya zawadi mwakani. Nusu yenye mwandiko itunze au mpe mnunuzi wa karatasi kama haina utando. Zile za kumetameta zigeuze kuwa alama za kitabu, zisilowe wala kusuguliwa. Kadi zinazoimba zifungue leo hii, toa betri na uziweke kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati. Betri ya kitufe ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo lake la chakula ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, usimtapishe, usingoje dalili. Mpeleke hospitali yenye eksirei moja kwa moja, na kama una betri nyingine ya namna hiyo, nenda nayo daktari aione.